Ulinzi wa giaboksi ya lori lenye mzigo mzito

Ulinzi wa giaboksi ya lori lenye mzigo mzito ni jumla ya hatua ambazo dereva, fundi na mwenye gari huchukua ili gia, klachi na beringi zisichakae kabla ya wakati wake. Hatua hizo zinahusu kiasi cha mzigo, uchaguzi wa gia mlimani na mteremkoni, matumizi ya klachi na hali ya oili. Suala hili si la gharama za matengenezo pekee. Lori lililopoteza gia katikati ya mteremko limebakiwa na breki za magurudumu tu, nazo zikipata joto kupita kiasi hazishiki tena.

Kazi ya giaboksi

Injini ya dizeli ya lori kubwa hufanya kazi vizuri katika mwendo usiotofautiana sana, kwa kawaida kati ya mizunguko 1,000 na 1,800 kwa dakika. Kwa sababu hiyo malori mazito huwa na gia nyingi, mara nyingi kati ya 8 na 18 za kwenda mbele. Gia ndogo hupunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuzungusha. Kwa mfano, injini ikitoa nyutoni-mita 2,000 na uwiano wa gia ya kwanza ukiwa 12, shafti inayotoka kwenye giaboksi hupokea takriban nyutoni-mita 24,000. Difu huizidisha nguvu hiyo tena kabla ya kufika kwenye magurudumu.

Uzito wa mzigo wenyewe hukalia fremu na ekseli, si giaboksi. Kinachoichosha giaboksi ni ukubwa wa nguvu inayopita ndani yake na muda inaochukua kupita. Lori lililozidishiwa mzigo hukaa muda mrefu zaidi katika gia ndogo huku injini ikisukuma kwa nguvu zake zote, na hapo ndipo meno ya gia na beringi huumia. Katika hesabu za uhandisi, umri wa beringi ya gololi hupungua kwa kipeo cha tatu cha nguvu inayoikandamiza: nguvu ikiongezeka kwa robo, umri hupungua kwa karibu nusu, nguvu ikiwa mara mbili, hubaki sehemu moja ya nane. Mwenye lori anayeongeza tani chache ili kupata nauli zaidi mara nyingi hulipa tofauti hiyo gereji.

Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2013 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli 7, pamoja na mizigo yake. Mizani za barabarani ziliwekwa kwa ajili ya kulinda barabara na madaraja, lakini kikomo hicho huokoa vyuma vya gari pia. Hata hivyo uzito unaokubalika mizani si lazima uwe uzito ambao lori lenyewe liliundiwa kuvuta. Kiwango cha mtengenezaji husomwa kwenye kibati cha gari, na kilicho kidogo kati ya viwili hivyo ndicho cha kufuata.

Kuondoka na kupanda mlima

Klachi huumia zaidi wakati wa kuondoka. Pleti yake husuguana na flaiwili mpaka mwendo wa pande mbili ulingane, na msuguano huo hutoa joto. Kwenye barabara ya tambarare joto hilo hulingana takriban na nguvu ya mwendo ambayo lori limeipata, na nguvu ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Kwa hiyo dereva anayeondoka kwa gia yenye kasi mara mbili ya gia ya kwanza huipa klachi joto mara nne. Lori likiwa tupu hasara hiyo ni ndogo. Likiwa na tani 50, pleti inaweza kuungua kwa kuondoka vibaya mara chache tu. Kosa jingine la kawaida ni kulizuia lori lisirudi nyuma mlimani kwa kuchezea klachi na mafuta. Kazi hiyo ni ya hendibreki, na kama gari ni bovu, ya utingo mwenye kabari.

Lori la tani 50 linalopanda mlima wa asilimia 6 huhitaji nguvu ya takriban nyutoni 29,000 kushinda mwinuko peke yake, hali kwenye lami tambarare msuguano wa matairi hudai kama nyutoni 3,500 tu. Madereva wa Afrika Mashariki huikuta milima ya namna hiyo kwenye njia kuu za mizigo, kama vile Kitonga mkoani Iringa kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Zambia, au barabara ya Mombasa kwenda Uganda inayoanzia usawa wa bahari na kupita juu ya mita 2,500 katika nyanda za juu za Kenya. Gia inayofaa huchaguliwa kabla ya mlima kuanza kuwa mkali. Anayengoja mpaka injini ilemewe hulazimika kubadilisha gia lori likiwa linapoteza mwendo haraka, na gia zisizolingana kasi hugongana meno.

Mitikisiko ya ghafla ni hatari kuliko nguvu kubwa inayokuja polepole. Gurudumu linalozunguka bure kwenye matope kisha likashika ardhi ngumu hurudisha kishindo kupitia propela shafti hadi kwenye giaboksi. Mahali pa utelezi difu hufungwa mapema, kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka bure.

Kuteremka

Lori hilohilo la tani 50 likishuka mteremko wa asilimia 6 kwa kilomita 30 kwa saa, nishati inayopaswa kuondolewa ni zaidi ya kilowati 200, sawa na joto la majiko ya umeme mia moja ya kilowati 2 kila moja. Breki za magurudumu haziwezi kubeba joto hilo kwa muda mrefu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi huachiwa injini, breki ya ekzosi au retada, na injini husaidia tu ikiwa imeunganishwa na magurudumu kupitia gia ndogo.

Madereva wa zamani walifundishwa kushuka kwa gia ileile ambayo wangepandia. Kanuni hiyo ilifaa injini za wakati wake. Injini za sasa zina nguvu zaidi na hupanda kwa gia kubwa, hivyo mara nyingi inafaa kushuka kwa gia ndogo zaidi ya ile ya kupandia. Kuichagua kunafanyika juu, kabla ya kuanza kushuka, kwa kuwa lori likishaongeza kasi gia inaweza kukataa kuingia kabisa.

Tabia ya kushuka kwa gia huru ili kuokoa dizeli ni mbaya kwa kila hali. Huko Salgaa, kati ya Nakuru na Mau Summit nchini Kenya, ilitajwa mara nyingi kuwa chanzo kimojawapo cha ajali nyingi za malori. Faida yake pia ni ndogo au haipo: injini yenye udhibiti wa kielektroniki hukata dizeli kabisa inaposukumwa na magurudumu ikiwa ndani ya gia, lakini katika gia huru huhitaji dizeli ili isizimike.

Kushuka huku klachi imekanyagwa na gia ndogo ikiwa imeingia huleta hatari nyingine. Kwa uwiano wa gia 8 na wa difu 4, lori lenye kasi ya kilomita 40 kwa saa huzungusha pleti ya klachi zaidi ya mara 6,000 kwa dakika, karibu mara tatu ya kikomo cha injini nyingi za malori. Pleti inaweza kupasuka vipande.

Oili

Oili hulainisha meno na kubeba joto. Kwa kukadiria, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wa oili kwa nusu. Oili ya difu isitiwe kwenye giaboksi bila kusoma maelekezo ya mtengenezaji, kwa kuwa baadhi ya kemikali za daraja la GL-5 hula pete za shaba zinazosaidia gia kuingia bila kukwaruza. Giaboksi nyingi za namna hiyo huhitaji GL-4.

Katika giaboksi nyingi oili husambazwa na shafti ya chini, ambayo huzungushwa na injini. Lori bovu likivutwa injini ikiwa imezimwa, shafti kuu huzungushwa na magurudumu huku ya chini ikiwa imesimama, na beringi hukosa oili. Kabla ya kuvuta lori, propela shafti hufunguliwa au hafushafti hutolewa.

Dalili za uharibifu

Gia inayochomoka yenyewe wakati wa kupanda au kushuka, mngurumo unaobadilika kadiri gia zinavyobadilishwa, harufu ya klachi iliyoungua, na oili nyeusi au yenye vumbi la chuma ni dalili za kulipeleka lori kwa fundi kabla ya safari nyingine. Vumbi laini kidogo kwenye sumaku ya nati ya kumwagia oili ni la kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho huonyesha kuwa jino au beringi imekwisha kuvunjika.