Vipimo vya Nyumba ya Msonge

Hapa Sengerema, urithi wa majengo ukitajwa, aghalabu watu huelekeza fikra zao pwani. Hukumbuka Kilwa, hukumbuka Mji Mkongwe wa Unguja. Nyumba ya nyasi haiwajii akilini. Sisi nasi tulikuwa miongoni mwao. Zamani, tukiwa watumishi wa ofisi moja ya umma, tulitumwa kuorodhesha majengo ya kijiji kimoja. Fomu ilikuwa na safu mbili: nyumba ya kudumu na nyumba isiyo ya kudumu. Tulifika penye msonge mkubwa uliozungukwa na ua wa minyaa, tukatia alama katika safu ya pili, tukaenda zetu. Tuliporudi baada ya miaka michache tulikuta shamba la mihogo. Alama ile ndiyo maandishi pekee tuyajuayo juu ya nyumba ile, nayo ilitoka mkononi mwetu.

Huko pwani mambo yamekwenda vingine. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yamepimwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town katika mradi wao uitwao Zamani, chini ya Profesa Heinz Rüther. Chombo chao hutupa miale ya leza ukutani na kupima umbali kwa mwale unaorudi, hata yakapatikana mamilioni ya nukta. Nukta hizo zikiunganishwa hutoa sura ya jengo zima, ambayo msanifu aweza kuichunguza mezani ufa kwa ufa. Thamani ya kazi hiyo huonekana siku ya msiba. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Penye maafa kama hayo, fundi asiye na vipimo vya awali hujenga kwa kukisia.

Hata hivyo, chombo hicho kikiletwa mbele ya msonge kitaona ngozi tu. Kitahesabu nyasi. Fundo lililoshika fito, mpango wa makombamoyo yanayokutana kileleni, kamba ya ganda la mti iliyolowekwa kabla ya kufungia, vyote vimefichwa chini ya makuti yale ya nyasi. Tena nyasi huoza, na msonge hudumu kwa kuezekwa upya mara kwa mara. Kwa hiyo kinachorithiwa hapa ni kazi ya mikono zaidi kuliko jengo lenyewe, na kazi hupimwa inapofanyika. Maabara yapaswa kufika wakati nyumba inajengwa au inafumuliwa, ikiwa na utepe, kamera na kinasa sauti, ili kila fundo liandikwe kwa jina lake la Kisukuma au la Kizinza.

Juhudi hazikukosekana. Padre David Clement aliweka msingi wa makumbusho ya Wasukuma kule Bujora tangu miaka ya 1950, na Makumbusho ya Kijiji ya Dar es Salaam yakafuata katika miaka ya 1960. Twayaheshimu yote mawili. Lakini nyumba ya makumbusho haina moto wa kupikia, na moshi ndio uliokuwa ukifukuza wadudu darini.

Pigo kubwa lilikuja wakati wa Operesheni Vijiji, hasa mwaka 1974, kaya zilizotawanyika zilipohamishwa. Hatulaumu: shule, maji na zahanati vilitaka watu wakae pamoja. Ila wazee wetu hawakumbuki kumwona mtu aliyekuja na utepe kabla ya nyumba kubomolewa.

Chuo Kikuu Ardhi hufundisha usanifu majengo, na njia ya kuja kwetu sasa ni nyepesi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita zipatazo tatu, lilifunguliwa mwaka 2025; wanafunzi hawatalala wakingoja kivuko. Upande wa Buchosa yuko mzee mmoja ambaye hupiga duara la nyumba kwa kigingi na kamba. Tulimwomba atuonyeshe fundo la kileleni. Alilifunga mara mbili, polepole, kwa vidole vinavyotetemeka, akatukabidhi kamba. Hatukuweza kulirudia.