Kigezo (katika algoriti za kugawa grafu)

kigezo nm *vi-* [*ki-/vi-*] 1. kitu kinachotumiwa kupimia au kulinganishia kingine, kielelezo. 2. (sayansi ya kompyuta) idadi, aghalabu huandikwa *k*, inayopimwa kando ya ukubwa wa data ili kuonyesha ugumu wa tatizo unatoka wapi. Pia: *parameta*.

Maelezo. Grafu hapa si mchoro wa takwimu, bali ni mtandao wa nukta zilizounganishwa kwa mistari. Chukua tatizo la kukata mistari michache iwezekanavyo ili nukta zilizoteuliwa zitengane zote. Nukta teule zikiwa 2, jibu hupatikana upesi hata katika grafu kubwa. Zikiwa 3, tatizo huwa NP-gumu, kama Dahlhaus na wenzake walivyothibitisha katika makala yao ya mwaka 1994: hakuna algoriti ya haraka inayojulikana kwa grafu zote.

Idadi ya nukta teule, basi, haifai kuwa kigezo, kwani ugumu huanza ingali ndogo. Idadi ya mistari inayokatwa inafaa. Mwaka 2006 Dániel Marx alionyesha kuwa kwa kigezo hicho ukuaji mkali wa hatua hufungiwa ndani ya *k* peke yake, huku ukubwa wa grafu ukiongeza kazi kwa kiasi tu. Tofauti ni kubwa. Kujaribu kila kundi la mistari 10 kati ya mistari 1,000 hudai majaribio zaidi ya 10²³; algoriti zilizofuata zilishusha sehemu inayotegemea *k* hadi 4ᵏ, ambayo kwa *k* = 10 ni 1,048,576.

Matumizi. Kusema tu kwamba tatizo “linatatulika kwa kigezo” hakutoshi. Kigezo chenyewe sharti kitajwe, kwa kuwa tatizo lilelile huweza kutatulika kwa kimoja na kushindikana kwa kingine. Aidha, *kutatulika kwa kigezo* si *kuwa rahisi*. Tatizo la kugawa grafu katika nusu mbili zenye nukta sawa lilithibitishwa mwaka 2014 kuwa linatatulika kwa kigezo cha mistari inayokatwa, lakini kipeo katika algoriti hiyo hukua kama *k*³. Ugumu haukuondolewa, umehamishiwa kwenye *k*.

Mfano: *Tatizo hili ni NP-gumu, ila linatatulika kwa kigezo cha idadi ya mistari inayokatwa.*