Nani Alilipa Nauli? Historia ya Kupata na Kusakinisha Mfumo Endeshi wa Kompyuta Bila Malipo, 1969–2012

Ikisiri
Mijadala ya sera kuhusu mifumo endeshi ya bure aghalabu huanza na kuishia kwenye bei ya leseni. Makala haya yanaonyesha kwamba, tangu enzi ya tepu hadi kufungwa kwa mpango wa ShipIt mwaka 2011, leseni ilikuwa sehemu moja tu ya gharama. Sehemu nyingine, ambayo mara nyingi ndiyo iliyoamua nani apate na nani akose, ilikuwa usafirishaji: namna mfumo ulivyotoka kwa waliouunda hadi kwenye kompyuta ya mtumiaji. Mfano mkuu unaochunguzwa ni Ubuntu, uliotumwa kwa posta duniani kote kwa gharama ya kampuni moja.

1. Bure, huria na ku buntu

Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicho na bei na kwa kitu kisichofungwa na mtu. Utata huo umewalazimu watetezi wa programu huria, tangu miaka ya 1980, kueleza tena na tena kwamba wanazungumzia uhuru wala si bei. Kiswahili hakina tatizo hilo, kwa kuwa kinatenganisha huria na bure. Kina tatizo jingine. Bure ni kile kisicholipiwa, na pia ni kile kisicho na faida. Aliyefanya kazi bure huenda hakulipwa, au huenda juhudi zake hazikuzaa kitu. Maana hizo mbili zimeandamana katika historia inayosimuliwa hapa, kwani mfumo usio na bei ambao haukufika kwa mhitaji ulikuwa wa bure kwa maana zote mbili.

Lugha za jirani zinaongeza jambo. Jina Ubuntu lilichukuliwa kutoka lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika, ambako lina maana iliyo karibu na utu wa Kiswahili. Katika Kinyarwanda na Kirundi, hata hivyo, kupewa kitu ku buntu ni kupewa bila kulipa. Msomaji wa Kigali au Bujumbura aliyeona jina hilo juu ya CD aliweza kusoma humo falsafa na bei kwa pamoja. Hakuna ushahidi kwamba waliolichagua jina hilo walikusudia maana hiyo ya pili, lakini liliwafaa.

2. Kabla ya CD: tepu na disketi

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani. Kampuni mama, AT&T, ilikuwa imefungwa na makubaliano ya kisheria ya mwaka 1956 yaliyoizuia kufanya biashara nje ya huduma za simu. Kwa hiyo vyuo vikuu viliipata Unix kwa ada ndogo, ikiwa kwenye tepu. Aliyekuwa na kompyuta inayofaa, na mtaalamu wa kuisakinisha, alifaidika. Asiyekuwa navyo hakuwa sehemu ya habari hiyo kabisa, na karibu vyuo vyote vya Afrika vilikuwa katika kundi hilo.

Septemba 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kuunda mfumo kamili ambao kila mtu angekuwa na haki ya kuutumia, kuunakili na kuurekebisha. Kuna jambo dogo katika historia hiyo ambalo washauri wa sera hulipita haraka. Mwaka 1985 Stallman aliuza tepu za Emacs, programu ya kuhariri matini, kwa dola 150 kila moja. Aliyekuwa na mtandao aliweza kuichukua bila malipo. Asiyekuwa na mtandao alilipia tepu. Hapakuwa na unafiki wowote katika hilo, maana msimbo ulibaki huria mikononi mwa aliyeununua. Ila tofauti kati ya makundi hayo mawili haikutokana na leseni. Ilitokana na waya.

Tukio la pili la namna hiyo ni la wazi zaidi. Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba anaunda mfumo endeshi kama burudani yake. Toleo la kwanza la Linux liliwekwa mwezi uliofuata kwenye seva ya mtandao wa vyuo vikuu vya Ufini. Leseni yake ya awali ilikuwa kali kuliko ya Stallman: haikuruhusu mtu kutoza hata senti moja kwa kuusambaza, pamoja na gharama za kuushughulikia. Nia ilikuwa njema, lakini sharti hilo liliwaumiza wale wale liliokusudia kuwalinda. Mtu asiye na intaneti alihitaji mwenzake amnakilie disketi, na disketi zina bei, stempu zina bei, na saa za mnakilishaji zina bei. Mapema mwaka 1992 Torvalds aliiacha leseni hiyo na kuuweka mfumo wake chini ya GPL ya mradi wa GNU, inayoruhusu kutoza. Uamuzi huo husifiwa kwa sababu za kisheria. Kwa mtazamo wa makala haya, umuhimu wake mwingine ni kwamba uliruhusu nauli ilipwe.

Kuanzia hapo usambazaji ukawa kazi inayojitegemea. Slackware ya Patrick Volkerding, iliyotoka Julai 1993, ilienea katika disketi 24. Disketi moja ikiharibika, usakinishaji ulikwama. Mwezi uliofuata Ian Murdock alianzisha Debian, mradi wa watu wa kujitolea, na humo ndimo Ubuntu ilimotoka zaidi ya miaka kumi baadaye.

3. Posta ya Ubuntu

Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini, alikuwa amechangia Debian katika miaka ya 1990. Mwaka 1999 aliiuzia VeriSign kampuni yake ya Thawte kwa hisa zenye thamani ya takriban dola milioni 575. Mwaka 2004 aliianzisha Canonical, na tarehe 20 Oktoba mwaka huo toleo la kwanza la Ubuntu, 4.10, likatoka. Julai mwaka uliofuata uliundwa mfuko wa Ubuntu ukiwa na dola milioni 10 za kuanzia.

Kupakua mfumo bila malipo halikuwa jambo jipya. Jipya lilikuwa ShipIt. Mtu alijaza jina na anwani kwenye ukurasa wa intaneti, akataja idadi ya CD, na baada ya wiki kadhaa kifurushi kikafika kwa posta. Hakulipia CD wala stempu. Kampuni ilikuwa imebeba leseni na nauli kwa pamoja.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo katika ukanda huu, hesabu moja inatosha. CD ya wakati huo ilibeba MB 700. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ikifanya kazi kwa kasi yake kamili bila kukatika, kupakua faili la ukubwa huo kulihitaji karibu saa 28. Kasi kamili haikupatikana, laini zilikatika, na dakika zililipiwa. Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wowote wa baharini hadi mwaka 2009. Mawasiliano yake ya intaneti na dunia yalitegemea setilaiti, yenye gharama kubwa na kasi ndogo. Katika hali hiyo, sanduku la posta lilikuwa njia ya data yenye kasi kuliko modemu, na kwa mpokeaji ilikuwa ya bure kweli. Kwa kuwa wakazi wengi hawana anwani ya mtaa na nyumba, S.L.P. ya shule, ya ofisi au ya mwajiri ndiyo iliyopokea vifurushi hivyo, na kutoka hapo CD moja ilihama kutoka kompyuta hadi kompyuta. GPL iliruhusu hilo waziwazi.

Nchini Afrika Kusini kwenyewe wakfu wa Shuttleworth ulijaribu njia nyingine, Freedom Toaster: vibanda vilivyowekwa mahali pa umma, ambapo mtu alikwenda na CD tupu akaondoka na mfumo. Hapo nauli iligawanywa. Wakfu ulilipia kibanda na data, mtumiaji akalipia CD na safari yake.

4. Mkono wa fundi

Kupokea CD na kuwa na mfumo unaofanya kazi ni mambo mawili. Matoleo ya mwanzo ya Ubuntu yalikuja na CD mbili: moja ya kujaribia, iliyoendesha mfumo mzima bila kugusa diski kuu, na nyingine ya kusakinishia kwa hatua za maandishi. Toleo 6.06 la Juni 2006 liliziunganisha. Mtumiaji aliwasha kompyuta kutoka kwenye CD, akauona mfumo ukifanya kazi, na akiridhika akabofya alama moja kuanza usakinishaji: lugha, saa za eneo, kibodi, diski, jina na nywila. Kwa hesabu ya posta, kifurushi kilipungua kwa nusu. Ni nadra muundo wa programu na gharama ya stempu kunufaika kwa uamuzi mmoja.

Hatua ya hatari ilikuwa ya diski. Hapo kompyuta iliuliza kama ifute kila kitu au ikae pembeni ya mfumo uliopo. Katika ofisi yenye kompyuta moja iliyobeba barua na hesabu za miaka, jibu lisilo sahihi lilikuwa msiba. Aprili 2008, pamoja na toleo 8.04, ilikuja Wubi, iliyoweka Ubuntu ndani ya Windows kama programu nyingine yoyote na kuiondoa vivyo hivyo. Ilipunguza hofu, ingawa haikuiondoa.

Hofu ikiisha, tatizo lililofuata lilikuwa muziki. Kwa sababu za hataza, Ubuntu haikubeba ndani ya CD uwezo wa kucheza faili za MP3; ulipaswa kupakuliwa. Modemu nyingi za ndani za bei nafuu ziliundwa kwa ajili ya Windows, na hazikutambuliwa bila programu za ziada ambazo nazo zilikuwa kwenye intaneti. Mtumiaji alihitaji intaneti ili aipate intaneti. Masasisho ya usalama, yaliyofikia mamia ya megabaiti kwa muda mfupi, yalikuwa katika mkondo huo huo. ShipIt ililipa nauli ya safari ya kwanza, haikulipa ya safari zilizofuata.

Mshindani halisi naye hakuwa Windows iliyonunuliwa dukani. Alikuwa Windows iliyonakiliwa bila leseni, ambayo fundi wa mtaani aliiweka kwa ada ya kazi yake tu, ikiwa na muziki unaocheza na modemu inayotambuliwa. Kwa mteja, mifumo yote miwili ilikuwa bila bei ya leseni. Tofauti aliyoiona ilikuwa kwamba mmoja ulikuwa na fundi kila mtaa na mwingine haukuwa naye. Hoja ya kuokoa ada ya leseni ilikuwa na nguvu serikalini, ambako sheria ilipaswa kufuatwa. Baraza la mawaziri la Afrika Kusini lilipitisha sera ya programu huria mwaka 2007. Mtaani hoja hiyo haikuwa na mlengwa.

Lugha pia ilihitaji msafirishaji wake. Desemba 2004, miezi miwili baada ya Ubuntu ya kwanza, mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa huria: hakuna aliyeombwa ruhusa. Lakini istilahi zilipaswa kuundwa, kujadiliwa na kuandikwa na watu, na kazi hiyo hurudiwa kila toleo jipya linapotoka. Ubuntu yenyewe haikuwa na tafsiri kamili ya Kiswahili wakati CD zake zikiwasili kwenye masanduku ya posta ya wasemaji wa lugha hiyo.

5. Mkongo unafika, posta inafungwa

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi Mombasa na Dar es Salaam. TEAMS, unaounganisha Mombasa na Fujairah, ulifuata mwaka huo huo, na EASSy mwaka 2010. Kuelekea mwisho wa 2009 Canonical ilianza kupunguza utumaji wa CD, na Aprili 2011 ikatangaza kufunga ShipIt. Vikundi vya kijamii vya nchi mbalimbali viliendelea kupata mgao. Mtu binafsi alielekezwa kupakua au kununua.

Kati ya mkongo wa kwanza na kufungwa kwa posta haikupita miaka miwili. Aliyekuwa Mombasa alivuka vizuri. Uganda, Rwanda na Burundi zilisubiri nyaya za nchi kavu kupitia Kenya na Tanzania, na kila mpaka uliovukwa uliongeza mlipwaji. Nauli haikufutwa, ilihamishwa kutoka bajeti ya kampuni ya London hadi kwenye vifurushi vya data vya mtumiaji.

Oktoba 2012 toleo 12.10 lilivuka ukubwa wa CD kwa mara ya kwanza, likawa na takriban MB 800. Toleo 24.04 la Aprili 2024 linazidi GB 5, zaidi ya mara saba ya faili lile la saa 28. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10, na kompyuta nyingi zilizomo katika maabara za shule hazitimizi masharti ya Windows 11. Ubuntu na Debian zinaweza kuzihuisha nyingi kati ya hizo bila leseni yoyote. Shule iliyo mbali na mkongo itazipata kwa flashi iliyojazwa mjini na kubebwa na mwalimu ndani ya basi, kwa nauli yake mwenyewe.