Nani Alitusomesha, na Tulimlipa Nani?



Ijumaa iliyopita, baada ya sala, kijana mmoja wa kwetu alinisubiri nje ya msikiti hapa Deira, Dubai. Ana shahada ya kwanza ya uhandisi, lakini hapa kazi yake ni kuhesabu mizigo ghalani. Amepata nafasi ya shahada ya pili katika chuo kimoja cha mji huu huu. "Shikamoo mwalimu. Benki wamekubali kunikopesha. Nichukue?"

Nikamwambia anipe wiki moja. Mimi ni mtu wa historia, na mtu wa historia ukimuuliza habari ya pesa atakwenda kwanza kutafuta tarehe. Niliyoyakuta nayaleta kwenu, maana swali lile si lake peke yake.

Kwanza mkopo wenyewe. Kwa kanuni za Benki Kuu ya hapa za mwaka 2011, mkopo wa mtu binafsi usizidi mara 20 ya mshahara wake, ulipwe ndani ya miezi 48, na makato yasizidi nusu ya mshahara. Kanuni hizi zinamlinda mkopaji, sikatai. Lakini hebu pigeni hesabu: makato yanaanza hata kitabu hakijafunguliwa, na kwa wageni wengi hapa ukipoteza kazi unapoteza na ukaazi. Deni lenyewe linabaki pale pale. Na kwa sisi Waislamu ipo pia mas-ala ya riba.

Sasa waliotutangulia walifanyaje?

Nianzie hapa hapa nilipo. Mtaa wa Al Ras, Deira, lipo jengo la skuli ya Al Ahmadiya, iliyoanzishwa mwaka 1912 kwa mali ya mfanyabiashara wa lulu, Sheikh Ahmed bin Dalmouk. Lulu ndiyo iliyolipa walimu. Kisha likaja anguko la uchumi wa dunia, na Wajapani wakawa wanafuga lulu zao wenyewe. Soko la Ghuba likavunjika. Mwaka 1932 skuli ikafungwa, ikaja kufunguliwa tena 1937 kwa msaada wa serikali. Elimu iliyosimama juu ya biashara moja ilianguka nayo.

Kwetu pwani tulikuwa na njia nyingine. Pale Lamu, Habib Swaleh, aliyetokea Ngazija, alijenga msikiti wa Riyadha zaidi ya miaka 100 iliyopita, na wanafunzi wakaja kutoka pwani nzima na hata bara. Walilazwa na kulishwa kwa sadaka za watu na mali za wakfu. Hakuna aliyetiliana saini na mtu, lakini kila mmoja alijua deni lake: ukishasoma, nenda kafundishe. Ndiyo maana wanafunzi wa Riyadha walikwenda kufungua vyuo mbali na Lamu. Deni lililipwa kwa mtoto wa mwengine, tena katika mji mwengine.

Ukoloni ulipoleta elimu yake, mlipaji akawa serikali, na mlango ukawa mwembamba. Mwaka 1949 Julius Nyerere alikwenda Edinburgh kwa fedha za serikali ya kikoloni, baada ya Padri Richard Walsh kumsaidia kuzipata. Alirudi 1952 na shahada ya MA (kwa utaratibu wa Uskochi hiyo ni shahada ya kwanza, tusichanganye), akafundisha Pugu. 1954 ikazaliwa TANU, na mwaka uliofuata akaacha ualimu. Tazameni hapo: waliomlipia si wale aliowalipa. Mkoloni alitoa pesa, Tanganyika ikapokea malipo.

Mwaka 1959 Tom Mboya hakungoja serikali. Vyuo vya Marekani vilikuwa tayari kuwasamehe vijana ada, lakini nauli hakuna. Akazunguka Marekani kuomba, na Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakaweka majina yao kwenye barua ya kuchangisha. Septemba ile ndege ikaondoka na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Hadi 1963 walikwishaondoka karibu 800, na Wangari Maathai akiwa katika kundi la 1960. Wengi huisimulia habari hii kama hisani ya Wamarekani tu, na kuisahau nusu ya pili, yaani vijiji. Ng'ombe waliuzwa, mbuzi waliuzwa, watu wakachanga shilingi moja moja ili mtoto wa fulani apate sanduku, koti na pesa ya kuanzia. Yule mtoto aliporudi na shahada, kijiji kizima kilikuwa kinamdai. Wengine deni lile liliwatesa mpaka uzeeni.

Oginga Odinga naye aliwapeleka vijana upande wa mashariki. Moscow walifungua Chuo cha Patrice Lumumba mwaka 1960: nauli, chakula, malazi na posho, vyote juu ya mwenyeji. Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 nayo ikapeleka vijana nchi za kijamaa. Masomo ya bure, lakini siasa ilikuwa na bei yake. Baadhi ya waliosoma mashariki walirudi Kenya wakakuta shahada zao zinatiliwa shaka na wao wenyewe wanaangaliwa kwa jicho la pembeni.

Sasa nije kwetu sisi, maana wengi wetu hatukusomeshwa na Mboya wala Odinga. Tumesomeshwa na Kiswahili. Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik angani. Wamarekani wakashtuka, na Septemba 1958 wakapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, na ndani yake kikawekwa kifungu cha kugharimia lugha za kigeni. Kiswahili kikaingia katika lugha hizo. Chuo kikishafungua darasa la Kiswahili kinahitaji mtu wa kusema "hujambo" na kusahihisha ngeli, na mtu huyo mara nyingi alikuwa mwanafunzi kutoka kwetu, akisamehewa ada na kupewa posho. Ndivyo nilivyosoma mimi. Saa tano za darasa kwa wiki zililipa udaktari wangu. Mlango huo sasa unabana: mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya fedha hizo. Ilikuwa lulu yetu, na lulu tumeona huishia wapi.

Nyumbani nako mzigo umehama. Kenya ilianza mikopo ya masomo ya nje tangu 1952, ikaja na mikopo ya vyuo vyake 1974, na bodi ya mikopo 1995. Tanzania serikali ililipa kila kitu, kisha miaka ya 1990 wanafunzi wakaanza kuchangia. Bodi ya Mikopo ikaundwa kwa sheria ya 2004, na tangu marekebisho ya 2016 mfanyakazi hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Lakini mikopo hii mingi ni ya shahada ya kwanza. Anayetaka ya pili mara nyingi huambiwa ajitafutie. Ndiyo maana kijana wangu yupo mbele ya dirisha la benki.

Kuna mpango mmoja ambao naona haukusifiwa vya kutosha. Tangu 1983 Benki ya Maendeleo ya Kiislamu imekuwa ikisomesha vijana wa jamii za Kiislamu katika nchi zisizo wanachama, Kenya na Tanzania zikiwemo. Kwa mwanafunzi ni mkopo usio na riba, kwa jamii yake ni zawadi. Akimaliza na kupata kazi hairudishii benki, bali analipa kwenye mfuko wa jamii yake, ili asome mwengine. Ni Riyadha ile ile, safari hii imeandikwa kwenye karatasi.

Hapo ndipo tarehe zangu zilipoanza kunidai mimi mwenyewe. Kabla ya ile posho ya kufundisha kulikuwa na tiketi ya ndege. Marehemu mama aliuza bangili zake za dhahabu, mjomba akamalizia. Na kabla ya kuondoka nilitia saini kwa mwajiri wangu wa nyumbani kwamba nitarudi kufundisha. Sikurudi. Nilisema mwakani, na mwakani, kisha Ghuba wakaniita na mshahara usiokatwa kodi. Bangili nilimnunulia mama nyengine, alhamdulillahi, alizivaa. Lakini lile darasa nililoahidi halikupata mwalimu. Dawa ya deni ni kulipa, na mimi miaka yote hii nimekuwa nikitoa maelezo.

Basi Ijumaa nilimjibu hivi. Mkopo ule asiuchukue. Kwanza aombe kwenye vyuo vinavyowalipia wanafunzi wao wa shahada za juu: KAUST ya Saudia, iliyofunguliwa 2009, na kama anapenda akili bandia, chuo cha Mohamed bin Zayed cha Abu Dhabi, kilichopokea wanafunzi wa kwanza 2021. Ada za mitihani ya lugha na gharama za kuomba nitalipa mimi. Akasema, "Nitakulipa mwalimu, wallahi." Nikamwambia mimi sidai, atamlipa atakayemfuata, na jina lake atanitajia yeye.

Kijana mmoja lakini hatoshi. Pendekezo langu: sisi wenye mishahara tuanzishe mfuko wa shahada za juu, uandikishwe nyumbani kisheria na uwe na wadhamini. Usianzishwe hapa, maana sheria ya Falme za Kiarabu ya 2021 hairuhusu mtu binafsi kujikusanyia michango. Mkopo bila riba, na kila anayelipa amlipie wa nyuma yake. Mimi naanza na hesabu ya miaka niliyoahidi kufundisha nisifundishe, mwezi kwa mwezi.

Na kila mmoja wetu aandike mistari michache tu: nani alikulipia, na wewe ulimlipa nani? Naomba kutoa hoja.

Wasalaam.