Stesheni Iliyotangulia Watu Wake

Msomaji wa Afrika ya Mashariki anaijua vyema habari ya reli kuzaa mji. Nairobi ilianza kuwa kambi ya wajenzi wa reli mwaka 1899, na mji ukafuata nyuma. Walakini aghalabu hudhaniwa kwamba katika miji mikongwe ya Ulaya mambo yalikwenda kinyume: watu walijaa kwanza, kisha wakajengewa njia ya kusafiria. Stesheni ya Golders Green, kaskazini-magharibi ya London, yatuonyesha kwamba haikuwa hivyo siku zote.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini Golders Green palikuwa njia panda tu, penye mashamba na nyumba chache. Mwaka 1900 Charles Tyson Yerkes, tajiri wa Kimarekani aliyepata mali yake kwa tramu za Chicago, alinunua haki ya kujenga reli ya chini ya ardhi kutoka Charing Cross mpaka Hampstead. Hakuridhika na mwisho huo. Alitaka reli ipite chini ya kilima cha Hampstead na kutokeza upande wa pili, ambako palikuwa na nafasi ya karakana ya treni, na ambako reli yenyewe ingezaa abiria wake. Alifariki Desemba 1905, kazi haijaisha. Tarehe 22 Juni 1907 David Lloyd George, aliyekuwa waziri wa biashara, akaifungua njia hiyo.

Muda si muda mashamba yakageuka viwanja, na maduka yakaizunguka njia panda. Mwaka 1908 matangazo ya reli yaliwasifia watu wa mjini maskani ya Golders Green: nyumba, bustani, na jamaa waliotulia. Je, faida ilimwendea nani? Haikuiendea kampuni, kwani abiria wa kwanza walikuwa wachache kuliko walivyotarajiwa, na mwaka huo huo kampuni ilikaribia kufilisika. Aliyevuna ni mwenye shamba karibu na stesheni, ambaye hakuchimba hata futi moja ya shimo.

Yupo aliyeliona jambo hili mapema. Henrietta Barnett, aliyefanya kazi miaka mingi pamoja na mumewe, kasisi, kati ya maskini wa Whitechapel, alikuwa na nyumba karibu na mbuga ya Hampstead Heath. Aliposikia kwamba reli inakuja, alitambua kuwa mbuga ile itazingirwa na safu za nyumba. Akaanzisha michango, na eka 80 zikanunuliwa ziwe mali ya watu wote. Kisha, mwaka 1907, eka 243 nyingine zikanunuliwa kwa shule ya Eton, zijengwe kiunga ambamo tajiri na maskini wangekaa jirani, kila nyumba na bustani yake.

Ununuzi huo ulikuwa na matokeo ya ajabu. Kati ya Hampstead na Golders Green stesheni nyingine, North End, ilikuwa imeanza kuchimbwa. Ardhi ya juu yake ilipokwisha kuzuiliwa isijengwe, matumaini ya abiria yalitoweka, na kazi ikaachwa mwaka 1906. Mpaka leo treni hupita pale bila kusimama. Stesheni mbili za njia moja: moja ikazaa mji, ya pili ikabaki pango. Kilichozitenga si reli, bali ni uamuzi juu ya ardhi.

Njia ilipoendelezwa mpaka Hendon mwaka 1923 na Edgware mwaka 1924, habari ile ile ya mashamba na viwanja ilirudiwa. Kiunga cha Barnett nacho, kwa uzuri wake, kilipanda bei hata maskini aliokusudiwa hawakukimudu.

Basi reli ikinyoshwa kwenda shambani, huwauliza watu swali moja: thamani inayokuja na treni itakuwa ya nani? Barnett alilijibu kabla ya treni kufika, na mbuga ikasalimika. Kuhusu nyumba, soko ndilo lililojibu badala yake.