Ati Mila ya Waviking? Ilianza Juzi Tu

Kila Jumanne ya mwisho ya Januari, mji wa Lerwick kwenye visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa mwa Scotland, huzima taa za barabarani. Halafu watu karibu 1,000 wanapita na mienge ya moto, wakivuta mashua ya Kiviking iliyojengwa kwa miezi. Wakifika uwanjani wanaitupia mienge yote. Inaungua ikaisha. Sherehe yenyewe inaitwa Up Helly Aa.

Ukicheki video zake utaapa hii kitu ina miaka elfu moja. Zii.

Damu ya Kiviking iko, hiyo hatukatai. Shetland ilikuwa chini ya wafalme wa Norway na Denmark hadi 1469. Mfalme Christian I alikuwa anamwoza binti yake Margaret kwa James III wa Scotland, na huko mahari ilikuwa inatoka kwa upande wa bibi harusi. Mzee hakuwa na pesa, akaweka visiwa rehani. Hakuwahi kuvikomboa.

Lakini sherehe? Karne ya 19, vijana wa Lerwick walikuwa wanaburuta mapipa ya lami yanayowaka mitaani msimu wa Krismasi. Fujo tupu. Wakubwa wa mji wakapiga marufuku miaka ya 1870. Vijana hawakunyamaza, wakaja na maandamano ya mienge. Mashua ya kwanza ilichomwa 1889. Yule kiongozi wa Kiviking, Guizer Jarl, alianza kuonekana 1906. Yaani reli yetu ya Mombasa hadi Kisumu ilikuwa ishamalizwa!

Sasa sikia. Kwa zaidi ya miaka 100, wanawake wa Lerwick walishona mavazi na kupika, lakini kubeba mwenge kwenye vikosi walikatazwa. Wakiuliza, jibu ni lile lile: ndiyo mila. Mila gani, na babu zao walikuwa wanasukuma mapipa? Kizuizi kiliondolewa sherehe ya 2023. Mashua iliungua vile vile, na mji haukuanguka.

Mimi sisemi mila ni uongo. Sherehe iliyobuniwa na vijana waliokatazwa kuchoma mapipa ni mila poa sana. Lakini kama ilibuniwa na watu, watu wanaweza kuirekebisha. Kwa hivyo mtu akikufungia mlango akisema "ndivyo imekuwa tangu zamani," muulize tu kwa heshima: zamani ya mwaka gani?