Manuel Akanji
Manuel Obafemi Akanji (amezaliwa 19 Julai 1995) ni mchezaji wa soka kutoka Uswisi anayecheza kama beki wa kati. Baba yake ni Mnigeria na mama yake ni Mswisi.

Klabu
Akanji alianza soka ya kulipwa katika FC Winterthur, kisha akahamia FC Basel mwaka 2015 na kutwaa ubingwa wa Uswisi. Januari 2018 alijiunga na Borussia Dortmund ya Ujerumani, akashinda nayo Kombe la Ujerumani mwaka 2021. Mwaka 2022 alisajiliwa na Manchester City ya Uingereza. Msimu wa 2022–23 timu hiyo ilitwaa Ligi Kuu, Kombe la FA na Ligi ya Mabingwa Ulaya. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Istanbul, pasi yake kwa Bernardo Silva ilianzisha shambulizi lililozaa bao pekee, la Rodri, dhidi ya Inter Milan. Mwaka 2025 alikwenda Inter kwa mkopo.

Timu ya taifa
Aliichezea Uswisi kwa mara ya kwanza Juni 2017, na alishiriki Kombe la Dunia la 2018 na la 2022. Katika Euro 2020 alifunga penalti yake Uswisi ilipoitoa Ufaransa.